Lenzi Haipimwi kwa Mizani

Wiki iliyopita kijana mmoja mpiga picha wa hapa Moshi alinifuata mezani kwangu na lenzi mbili, kila moja kaizungushia kitambaa cha kufutia miwani. Ya kwanza Helios ya milimita 58, f/2, ya enzi za Usovieti, ya kufokasi kwa mkono, umri wake unamzidi yeye mwenyewe. Ya pili Canon ya milimita 50, f/1.8, ya otofokasi, yaani mota ndiyo inayofokasi, ile ndogo ya plastiki ambayo nusu ya wapiga picha wa harusi ninaowafahamu walianza nayo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu, karibu."

"Kaka, shika hii. Haya, sasa shika hii nyingine. Hivi kweli hii ya pili nayo ni lenzi?"

Nikazishika. Helios ina gramu 230 hivi. Canon ile, toleo lililotoka mwaka 1990, ina gramu 130. Pete ya Helios inazunguka taratibu kama imelalia asali. Pete ya nyingine ni nyembamba, inachezacheza, na ukiizungusha unasikia kama unakuna debe. Kitako, pale lenzi inapojifunga kwenye kamera, cha kwanza ni chuma, cha pili ni plastiki. Ukiziweka kwenye viganja viwili, mkono unatoa hukumu kabla kichwa hakijaulizwa.

Hukumu hiyo ya mkono nimeiamini miaka mingi, na nimewashauri watu vibaya kwa sababu yake. Nimewaambia vijana waachane na "plastiki" wakatafute "chuma", wakaenda wakanunua, wakakosa picha za maana kwenye kazi za watu. Leo nasema hivi: lenzi nyingi za zamani za kufokasi kwa mkono zimejengwa kudumu kuliko lenzi nyingi za otofokasi, ila chuma chake ndicho sababu ndogo kuliko zote. Na otofokasi ina udhaifu wake, mkubwa na wa kweli, lakini tukiishika dukani tunaikaripia plastiki huku udhaifu wenyewe umejificha ndani, mahali ambapo kidole hakifiki.

Tuanze na ule utamu wa pete, maana ndio unaowateka watu.

Ndani ya lenzi ya mkono kuna mabomba mawili yaliyochongwa hesi, moja likiingia ndani ya lingine kama kifuniko na shingo ya chupa. Ukizungusha pete, vioo vinasogea mbele au nyuma. Viwanda vingi vilichonga bomba moja kwa shaba na la pili kwa aluminiamu, kwa kuwa metali ya aina moja ikisuguana yenyewe kwa yenyewe hulana na mwishowe hung'ang'ana. Katikati hupakwa grisi nzito. Kwa hiyo ule ulaini unaousifia ni hesi iliyochongwa kwa usahihi pamoja na grisi. Grisi ikikauka, lenzi ileile ya chuma inakuwa ngumu kama nati ya gurudumu. Ikiyeyuka, mafuta yanatambaa hadi kwenye majani ya apecha, lile tundu la kupitisha mwanga linalopimwa kwa namba za f.

Helios ya kijana huyu ilikuwa na sauti ya mchanga. Nikaifungua mbele yake, na ningependa kila anayebishana kuhusu uimara wa lenzi aone angalau mara moja jinsi kazi hii inavyokwenda. Kuna skrubu tatu ndogo zinazoshika pete ya fokasi. Unazilegeza, pete inatoka. Kisha unazungusha bomba la ndani polepole hadi lifike mahali linapoachana na lenzake. Hapo ndipo pa kushika pumzi. Hesi hii haina mwanzo mmoja kama ya bolti, ina mianzo kadhaa, na mwanzo ulio sahihi ni mmoja tu. Ukirudishia kwenye mwingine, lenzi itazunguka vizuri kabisa lakini mlima hautauona kwa ukali tena, fokasi itaishia njiani. Kwa hiyo kabla ya kuachanisha unakwaruza alama kwa sindano kwenye mabomba yote mawili, na zikiachana unakwaruza nyingine. Nikaziosha kwa petroli ya kujazia viberiti na mswaki laini. Grisi ya zamani ilitoka na rangi ya ugoro, na ndani yake punje nyeusi nyeusi za vumbi letu, lile linaloletwa na udongo wa volkano. Kijana aliichukua kwa ncha ya kidole, akaisugua, akanyamaza.

Kazi yote hiyo imehitaji bisibisi, sindano, mswaki na grisi. Hakuna kipuri nilichoagiza, na hakuna waya hata mmoja uliokatika, kwa kuwa hamna waya. Lenzi iliyotengenezwa katika nchi isiyokuwepo tena kwenye ramani inarekebishika juu ya meza ya mbao Moshi. Huu ndio ubora wa ujenzi ninaouheshimu, na ungebaki uleule hata kama gamba la nje lingekuwa la plastiki.

Sasa njoo upande wa pili. Kwa nini otofokasi inalegea mkononi?

Mota haina nguvu ya kiganja. Mwaka 1985 Minolta ilipotoa kamera yake ya 7000, mota ilikaa ndani ya kamera na kuizungusha lenzi. Nikon ikafuata mwaka 1986 kwa njia hiyohiyo: kijiti kidogo kama ncha ya bisibisi kinatoka kwenye kamera na kuingia kwenye lenzi, huku kitako kikibaki kilekile cha mwaka 1959. Canon mwaka 1987 iliamua kuanza upya, ikabadili kitako kizima na kuweka mota ndani ya kila lenzi, na waliokuwa na lenzi za FD, zile za kitako chake cha zamani, wakabaki nazo kama zilivyo. Njia zilikuwa tofauti lakini hesabu ilikuwa moja: kitu kinachosukumwa na mota ndogo, mara mia kadhaa kwa siku, kwa betri, lazima kiwe chepesi na kisiwe na msuguano. Grisi nzito haifai, ingekula betri na kuchelewesha fokasi. Pete yenye mzunguko mrefu haifai, mota ingesafiri mbali mno. Helios inazunguka zaidi ya nusu duara kutoka karibu hadi mbali, wakati lenzi nyingi za otofokasi zinamaliza safari hiyo ndani ya robo duara au zaidi kidogo. Kulegea unakokusikia mkononi ni sharti la kazi iliyotengenezewa. Ukiikaza lenzi hiyo ikawa tamu kama Helios, umeiua.

Hata pale kwenye mwisho wa mbali kuna tofauti inayowachanganya watu. Lenzi ya mkono inagonga ukuta kwenye alama ya mbali kabisa. Otofokasi nyingi, hasa ndefu, zinapita alama hiyo kidogo. Wengi wanasema ni uzembe wa kiwanda. Ukweli ni kwamba joto hutanua lenzi, na mota inahitaji nafasi ya kupita kidogo kisha irudi mahali sahihi. Anayepiga nyota juu ya Kibo usiku ataulaani utaratibu huo kwa haki, kwa kuwa gizani hana ukuta wa kuegemea.

Na plastiki? Plastiki ya lenzi si ya beseni. Mara nyingi ni polikaboneti, na nyingine huchanganywa na nyuzi za kioo ili iwe ngumu zaidi. Gharama yake kubwa iko kwenye kalibu: kiwanda kinachonga kalibu kwa fedha nyingi, kisha kinamimina lenzi kwa maelfu na maelfu hadi gharama ya moja iwe ndogo. Aluminiamu ni kinyume chake. Haihitaji kalibu, inahitaji mashine ya kukereza na muda. Ndiyo maana lenzi mpya za mkono za bei nafuu kutoka China, kama za TTArtisan na 7Artisans, zinakuja na gamba la chuma linalong'aa. Kampuni ndogo inayotengeneza idadi ndogo inaona kukereza chuma ni nafuu kuliko kulipia kalibu, tena haina mota wala bodi ya umeme ya kununua. Nimezishika kadhaa, zinafaa kwa bei yake. Lakini anayezinunua akidhani chuma ni ushahidi wa fedha iliyotumika anajidanganya. Siku hizi chuma kinaweza kuwa njia ya mkato.

Zaidi ya hapo, fungua lenzi ya otofokasi yenye kitako cha chuma, zile tunazozisifu kwamba "hii kitako chuma bwana". Mara nyingi utakuta skrubu nne za kile kitako zimeingia kwenye vinguzo vya plastiki. Ikianguka, chuma kitabaki kinang'aa na vinguzo vitakatika ndani. Wakati mwingine nafuu kitako chenyewe kivunjike, angalau kinaipunguzia kamera kipigo.

Mimi nimeangusha zote. Lenzi ndogo ya plastiki ilinitoka mkononi kwenye harusi moja Marangu, ikatua kwenye sakafu ya vigae na kuachana vipande viwili mbele ya kamati nzima. Nilivibana vikaingiana kwa mlio mmoja, nikamaliza harusi, na nikaitumia msimu mzima baada ya hapo. Lenzi ya chuma ilidondoka kutoka kwenye stuli, kimo cha goti tu. Mdomo wake ukapinda, filta ikagoma kutoka, na tangu siku hiyo upande wa kushoto wa picha ni laini, maana kundi moja la vioo lilihama kidogo na sikuweza kulirudisha sawasawa. Plastiki hunepa na kumeza sehemu ya kishindo. Chuma hukipitisha hadi kwenye kioo. Anguko mbili hazitoshi kuwa sheria, lakini ndizo zilizonifanya nianze kufungua lenzi badala ya kuzipima kwa kiganja.

Basi udhaifu wa otofokasi uko wapi? Uko kwenye fleksi. Mafundi simu wa stendi wanaijua vizuri: ule utepe mwembamba wa njano unaobeba umeme na kukunjwa kila kitu kinaposogea. Kwenye lenzi ya kuvuta, utepe huo unakunjwa na kukunjuliwa kila unapovuta karibu na kurudisha mbali, miaka nenda rudi. Siku unapokatika, vioo vyote ni vizima, gamba zima, mota nzima, lakini kamera inakataa kuzungumza na lenzi na hakuna picha.

Nina lenzi ya aina hiyo kwenye droo. Ilikuwa ghali, nilichanga kwa harusi nyingi. Fleksi ya apecha, kipande chenye upana wa kucha, ilikatika. Niliandika kwa waliohusika nikauliza kipuri. Jibu la kwanza lilinitaka niisafirishe lenzi nzima nje ya nchi. Jibu la pili lilisema kipuri hakitengenezwi tena. Sikuombwa hata picha ya kilichoharibika. Naandika hili kwa uchungu, kwa kuwa lenzi ile haikufa kwa vumbi wala kwa kuanguka. Iliuawa na uamuzi wa ofisini kwamba muda wa kuihudumia umekwisha. Viwanda huweka vipuri kwa miaka fulani tu baada ya kuacha kutengeneza modeli, na mpiga picha wa Ulaya atapata walau mwanzo wa miaka hiyo. Sisi tunaonunua mtumba Arusha na Moshi mara nyingi tunaipata lenzi wakati muda huo unaelekea ukingoni. Kwetu sisi swali la vipuri ndilo swali la ujenzi.

Sitaki mtu anielewe kwamba kila aliye na otofokasi aiuze. Tazama Arusha. Wapiga picha wanaopanda na watalii wanatoka mjini kwa lami, wanapita Mto wa Mbu na Karatu, na lami inawasindikiza hadi lango la Ngorongoro. Baada ya lango hilo ni vumbi na mitikisiko. Hapo lenzi ya kisasa ya daraja la juu, yenye mpira unaoziba kitakoni na kuvuta kwake kote kukiwa ndani kwa ndani, inashinda bila ubishi. Canon ya 70-200 f/2.8 ya toleo la pili ina gramu 1,490 na hairefuki hata kidogo unapovuta, kwa hiyo haipumui vumbi. Lenzi ya bei ndogo inayorefuka inavuta hewa kama pampu ya baiskeli, na hewa ya Serengeti kiangazi inakuja na mzigo wake. Lenzi yangu ya mkono ya zamani haina mpira wowote. Vumbi linaingia kwenye hesi, nami naliosha. Tofauti ni kwamba moja imejengwa kuzuia na nyingine imejengwa kuoshwa.

Mitikisiko nayo inalegeza skrubu kwenye zote mbili. Hapa niseme jambo moja ambalo limeharibu lenzi nyingi hapa kwetu kuliko vumbi: skrubu za lenzi za Kijapani zinafanana na zile za nyota za kawaida, lakini umbo la mdomo wake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya nyota ya dukani inateleza na kula kichwa, na ikishakula ndiyo basi. Nunua bisibisi ya Kijapani, hata moja tu.

Fangasi haichagui. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanapoukalia mlima na nguo hazikauki kwenye kamba, inaota kwenye kioo cha bei yoyote. Weka lenzi kwenye kasha linaloziba pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu.

Kisha kuna kazi yenyewe. Ukumbi wa send-off, saa tatu usiku, taa za rangi zinazunguka, MC anapaza sauti, na ndafu anaingia. Aliyewahi kupiga picha Kilimanjaro anaujua muda huo: mbuzi mzima wa kuchomwa amesimama kwenye meza yake, majani mdomoni, waliombeba wanacheza, mashangazi wanacheza mbele yake, na ukumbi mzima umesimama. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8 kwenye kamera ya sensa kubwa, mtu akiwa mita tatu kutoka kwako, eneo lililo kali ni sentimita 13 hivi kwa jumla. Shangazi akicheza anaivuka sentimita 13 kwa hatua moja ya nusu mguu. Kamera za filamu za zamani zilikuwa na kioo katikati kinachoonyesha picha imekatika mara mbili, ukiziunganisha umefokasi. Kamera nyingi za kidijitali zenye kioo cha kuakisi hazina hicho, na kile unachokiona kwenye kidirisha hakikuonyeshi ukali wenyewe wa f/1.8. Hapa lenzi ya gramu 130 yenye kitako cha plastiki inafanya kazi ambayo shaba na asali haziwezi. Bibi harusi hatarudia kumkata ndafu kwa ajili ya pete yako tamu.

Kijana aliniuliza, "Kwa hiyo kaka, ipi imejengwa vizuri?" Nikamwambia Helios imejengwa vizuri kama jembe, utalirithisha. Ya pili imejengwa vizuri kama tairi: ina kazi yake, ina mwisho wake, na ubaya wa tairi unaanza pale usipoweza kupata jingine. Nikamwonyesha pia vitu vya kukagua akiwa mbele ya muuzaji. Atikise lenzi ya otofokasi karibu na sikio, ila akumbuke kwamba baadhi ya lenzi mpya hulia ndani zikiwa hazina umeme kwa kuwa kundi la vioo linaelea, na huo si ugonjwa. Aifokasi kutoka karibu hadi mbali mara ishirini mfululizo asikilize kama mota inabadili sauti. Avute na kurudisha huku apecha ikiwa imefungwa f/8 na kupiga kila hatua, maana fleksi inayokaribia kukatika hugoma sehemu moja ya mvuto na kukubali nyingine. Na amulike kioo kwa tochi ya simu kutoka nyuma, si kutoka mbele.

Akauliza pia kama Helios itakaa kwenye Nikon ya rafiki yake. Kitako chake cha hesi kinataka milimita 45.46 hadi kwenye filamu au sensa. Kitako cha EF cha Canon kina 44, kwa hiyo pete nyembamba inatosha. Kile cha F cha Nikon kina 46.5, kimeshapita, na mlima hautaonekana kwa ukali bila kioo cha nyongeza. Kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi inakaa bila shida, na hizo ndizo zilizozirudisha lenzi hizi mezani kwetu.

Jumamosi alikuwa na send-off Rau. Alifunga ile ndogo ya plastiki akaniachia Helios. Jumapili jioni akanitumia picha moja bila maneno: ndafu pembeni, nje ya ukali, na bibi mmoja mwenye kitenge cha bluu kainua mikono, kope zake zinahesabika.

Helios yake itakuwa tayari Jumatano, nasubiri grisi mpya itulie. Fleksi ya lenzi yangu bado naitafuta.